Lampu ya Emerance na Ndege ya Lukali

Katika mtaa wa nyuma ya reli, pale Kindu, watu walisema kwamba ukitaka salamu ya Emerance uende kwake na birika linalovuja. Bila birika hakuinua kichwa. Ukiwa nalo, aliligeuza juu chini, akatia kidole kwenye tundu, kisha akakutazama kana kwamba wewe ndiwe uliyelitoboa kwa meno.

"Nani alikufundisha kuweka birika kwa moto bila maji? Mama yako ama adui yako?"

Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yake. Watu waliicheka na kuivumilia, kwa sababu birika likipita mkononi mwa Emerance halivuji tena mpaka mwenyewe anakufa.

Kazi aliipata kwa baba yake, fundi wa mabomba ya shaba katika karakana ya reli, zama zile garimoshi lilikuwa likitembea kwa mvuke kweli. Mzee hakuzaa mtoto wa kiume, basi alimkalisha binti kando ya benchi na kumwonyesha namna ya kupinda bomba bila kulivunja. Unachota mchanga laini wa Lualaba, unaukausha, unaushindilia ndani ya bomba mpaka pomoni, unaziba ncha zote mbili kwa vipande vya mti. Ndipo unalipiga moto, unalipinda gotini polepole kama mtu anayebembeleza mtoto. Ukimwaga mchanga, bomba limepinda kama shingo ya bata na halina hata kunjo moja! Ukiliona kwa mara ya kwanza utadhani ni uganga, kumbe ni mchanga tu, umekaa ndani na kukataa kubonyezwa.

Mzee alipokufa, reli haikutaka fundi mwanamke. Emerance akabaki na urithi wa vitu viwili, ulimi na lampu.

Lampu yenyewe haikuwa ya kuangazia. Ilikuwa na tumbo la shaba ya njano, pampu ndogo ubavuni, na mdomo uliotema moto wa buluu huku ukivuma kama mzinga wa nyuki. Ilikula petroli na kuyeyusha risasi ya kulehemia kama siagi. Mtaani hapakuwa na nyingine. Kwa lampu hiyo Emerance alilehemu mabirika ya mama wa Kiislamu kabla ya Idi, mataa, masufuria, na tena, mlango ukiwa umefungwa, mitambo ya lutuku. Lutuku kila mtu aliijua na hakuna aliyeitaja mbele ya polisi: ni ile pombe kali ya mahindi na muhogo. Pipa linachemka, mvuke unapanda na kuingia katika bomba la shaba, bomba linateremka ndani ya maji baridi, na huko chini mvuke unageuka kuwa tone. Sheria ya mtambo ni moja. Kila kitu kishuke, na juu pasiwe na tundu hata la kupitisha unywele.

"Mvuke ukiona tundu juu," mzee alizoea kusema, "umekwisha kuiba."

Maneno hayo Emerance aliyashika kuliko katekisimu.

Sasa, kwenye benchi la katekisimu alikuwa amekaa pamoja na mvulana mmoja jina lake Désiré. Waliiba miwa pamoja na kuchapwa pamoja. Lakini miaka ikapita, Zaire ikawa nchi ya Chama kimoja, na Chama kikakataza majina ya ubatizo. Kila mtu alitakiwa kuitwa kwa jina la mababu. Désiré akawa citoyen Lukali, yaani mwananchi Lukali, mwenye koti la kola fupi lisilo na tai, na beji kifuani iliyong'aa kuliko macho yake. Mali za Wazungu zilipochukuliwa na kugawiwa wananchi, Lukali alipewa nyumba ya mhandisi mmoja wa migodi ya Kalima aliyekuwa amefunga sanduku na kwenda kwao. Na katika banda la nyumba hiyo akakuta ndege.

Ndege kweli! Mzungu alikuwa akiiunda kwa mikono yake mwenyewe, ya kiti kimoja, mbao nyepesi na kitambaa kilichopakwa rangi mpaka kikakaza kama ngozi ya ngoma. Puani alikuwa ameifunga injini ya gari lililofia njia ya Punia. Injini hiyo nayo haikuwa kama nyingine. Injini za kawaida zina vyuma vinavyopanda na kushuka. Hii ilikuwa na chuma kimoja chenye pembe tatu, kinene kama sambusa iliyoshiba, kinachozunguka ndani ya chungu chake bila kupumzika. Moto unawaka upande mmoja siku zote, na upande wa pili unaingia hewa mpya tu. Kwa hiyo bega moja linaungua na jingine liko poa, na maji yasipopita vizuri, chungu kinajikunja na sambusa inakwama. Mzungu aliondoka kabla ya kuweka mabomba ya maji.

Ugomvi ulianza Jumamosi moja, siku ya salongo, ile kazi ya lazima ya kufyeka na kufagia. Mtaa mzima ulikuwa umeinama kando ya njia. Lukali peke yake alisimama wima, mikono nyuma, akihesabu migongo ya wenzake.

"Désiré!" Emerance aliita kwa sauti ya kuvuka mto. "Panga lako iko wapi? Ama padri alibatiza kichwa akasahau mikono?"

Watu walicheka mpaka wengine wakaketi chini. Lukali hakucheka. Kulitaja jina lile hadharani ilikuwa kama kumvua koti.

Kesho yake vijana wawili wa Chama waliingia uani kwa Emerance bila hodi. Hawakugusa mitambo. Walichukua lampu.

Alimfuata Lukali bandani. Alimkuta ameketi juu ya sanduku, anatafuna karanga na kutupa maganda chini ya bawa la ndege.

"Lampu yangu iko wapi?"

"Lampu ya lutuku njo unaulizia?" Lukali alisema. "Ningeipeleka kwa polisi pamoja na weye. Lakini mi nilikuhurumia."

"Huruma yako inanuka."

"Sikia, citoyenne. Sikukuu ya Chama inafika. Siku ile nitaruka juu ya Lualaba, wakubwa wote wanaangalia. Mabawa iko, injini iko. Maji njo haina njia. Weka mabomba. Injini ikizunguka bila kuchemka, unachukua lampu yako, na mi sikujue tena."

"Na ikichemka?"

"Ikichemka, lampu inakwenda ndani ya mto kufundisha samaki kulehemu."

Emerance alitazama ndege, akatazama koti. Bila lampu hapakuwa na birika, na bila birika hapakuwa na ugali. Zaidi ya hayo, kwenye mpini wa lampu ile bado palikuwa na alama ya kidole gumba cha baba yake, chuma kimelika kwa miaka ya kushikwa.

"Toa maganda yako hapa," akasema. "Mi sifanyi kazi ndani ya choo."

Hivyo kazi ikaanza, na kila siku ilikuwa vita. Lampu alikuwa akiitunza Sudi, fundi wa injini aliyeajiriwa na Lukali, mume wa Mwavita jirani yake Emerance. Asubuhi Sudi aliitoa kabatini na kumkabidhi, jioni aliipokonya na kuifungia tena.

"Sudi, mke wako anajua kama uliolewa na Désiré?"

"Mama, usitaje jina lile," Sudi alinong'ona. "Humu ukuta iko na masikio."

"Basi ikuje niisafishe."

Lakini mikono yake ilikuwa haigombani na mtu. Alichukua kamba na kuipitisha pale bomba litakapopita, akaikata, akapinda shaba kwa kuifuata kamba. Pampu ilikuwa chini ya injini: kutoka hapo maji yakutane kwanza na bega la moto, yazunguke mpaka upande wa poa, yatoke, yashuke kwenye radiata aliyoifunga chini ya tumbo la ndege, mahali pa kupigwa na upepo, kisha yarudi kwenye pampu. Katikati ya shaba na injini aliweka vipande vya mpira wa lori na kuvikaza kwa pete za chuma, kwa sababu injini inatetemeka, na shaba ikitikiswa sana inachoka na kupasuka, sawasawa na binadamu. Hata Lukali alisahau mara moja na kusema, "Aa, inapendeza." Kisha akakumbuka na kununa.

Wakafika kwenye kibomba kidogo.

Lukali alikuwa ameshika mchoro wa Mzungu. "Hapa kuna kibomba chembamba. Kinatoka juu kabisa begani mwa injini, kinakwenda ndani ya kopo lile la maji la juu."

"Kazi yake njo nini?"

"Imeandikwa kiwekwe."

"Nimeuliza kazi yake."

"Mi sijue kazi yake! Kiweke!"

"Tundu juu ni mwizi," Emerance alisema. "Unafungua tundu juu, mvuke inatoroka, maji inakwisha. Mzungu alichora akiwa na malaria."

"Citoyenne, lampu ni ya nani sasa?"

Emerance aliichukua shaba. Akakikata kibomba, akakipinda vizuri, akakisugua mpaka kiking'ae, akakifunga kwa nati mahali pake. Lakini kabla ya kukifunga aliyeyusha risasi na kuidondosha ndani ya koo lake, akaiacha igande. Nje kilikuwa kibomba cha kupigia picha. Ndani kilikuwa kimezibwa kama kaburi. Lukali alikikagua kwa macho akatikisa kichwa kwa kuridhika, na Emerance alirudi nyumbani akiwa na utamu mdomoni, kama mtu aliyemeza asali ya kuiba.

Fundi wa magari asingelifanya kosa hilo. Angejua kwamba maji yakitiwa ndani ya injini yanaingia na hewa, na hewa hupanda juu, na isipopewa mlango inakaa hukohuko begani na kuyazuia maji kupita. Kwenye mtambo wa lutuku tundu la juu linakuibia. Kwenye injini tundu hilohilo ndilo linaloipa pumzi. Emerance alijua mtambo mmoja tu maishani mwake, na chuki ikamzuia kuuliza juu ya wa pili.

Mwavita alimwona anapita akitabasamu, jambo lisilo la kawaida. Alikuwa kwenye kikaango, anageuza sambusa za kuuza.

"Yaya, dada yangu, mumalize ugomvi na yule muntu," alimwambia. "Maji ya moto haichomi nyumba."

"Inachoma ngozi," Emerance alijibu, akapita.

Siku ya sikukuu ikafika. Kiwanja cha majani nyuma ya bohari za reli kilijaa vitenge vya Chama, ngoma, na wanawake waliochezeshwa tangu asubuhi bila chai. Wakubwa walikaa kivulini. Ndege ilisukumwa katikati, na watoto walipiga kelele kana kwamba imekwisha kuruka. Kwanza walitaka kuijaribu pale chini, Lukali akiwa kitini. Sudi alishika panga la mbele, lile linalokata upepo, akalizungusha, injini ikakohoa, ikashika. Haikutikisika kwa hasira kama lori. Iliimba sauti moja nyembamba. Wote walikodoa macho kwenye kisahani cha kupimia joto mbele ya kiti. Mshale ulipanda kidogo ukalala pale, umetulia kama paka.

Lukali alizima injini, akaruka chini, akaichukua lampu kutoka kwa Sudi na kumsukumia Emerance kifuani mbele ya watu.

"Chukua. Sasa toka hapa, unachafua sikukuu."

Kisha akaenda kivulini kwa wakubwa kusikiliza hotuba.

Emerance aliikumbatia lampu kwapani. Alichokuwa akikitaka amekipata, na angeweza kwenda. Lakini njia yake ilipita mbele ya pua ya ndege, na matusi aliyokuwa ameyameza siku zote zile yalikuwa bado yamemkaa kooni. Akatazama huku na huku. Akatema mate juu ya injini ya Lukali, pale begani kabisa.

Pshiii!

Mate hayakuteremka. Yaliruka, yakacheza kama tone la maji kwenye kikaango cha Mwavita, yakapotea. Emerance akaganda. Alichungulia kisahani: mshale umelala. Akainama, akaweka mgongo wa mkono wake kwenye radiata, kama alivyozoea kupima mtambo. Ilikuwa baridi kama mtungi. Akagusa bomba linaloshuka. Vuguvugu tu.

Juu moto wa kukaanga, chini baridi. Maji hayakuwa yanatembea. Kilichojaa pale juu hakikuwa maji, na mshale wa kisahani ulikuwa ukipima hewa. Macho yake yakapanda yenyewe mpaka kwenye kile kibomba kidogo kinachong'aa.

Alianza kuondoka. Lazima lisemwe hivyo, tusimpake sukari. Alitembea na lampu yake mpaka karibu na reli, na moyo wake ulikuwa mweupe. Désiré atapanda, injini itakwama juu ya Lualaba, mto utamaliza kesi. Kibomba kitazama pamoja na risasi yake. Nani atajua?

Kisha akasikia nyuma yake mama mmoja anamwambia mwenzake: "Mabomba ile aliweka Emerance, yule wa mabirika. Kazi yake haivuji mpaka mwenyewe anakufa."

Mpaka mwenyewe anakufa. Maneno hayo alikuwa ameyasikia maisha yake yote kama sifa. Kidole chake gumba kiliangukia pale kwenye mpini palipolika, kwenye alama ya baba yake. Akageuka.

Lukali alikuwa amekwisha kukaa kitini, kofia ya ngozi kichwani, Sudi amenyoosha mikono kwenye panga la mbele.

"Désiré! Shuka!"

Ngoma zilikoma. Hata mkubwa aliyekuwa akipangusa jasho alisimamisha leso hewani.

"Muondoe huyu mwendawazimu," Lukali alisema kwa meno.

"Injini inaungua. Kile kibomba kidogo, mi nilikiziba."

"Ulifanya nini?"

"Nilitia risasi ndani. Maji haitembei. Kisahani chako inapima hewa."

Uso wa Lukali ulibadilika rangi. "Watu mmesikia? Alitaka kuniua!"

"Ningetaka kukuua, saa hii ningekuwa nyumbani nakula."

"Muongo! Anaona wivu. Anataka kuniharibia mbele ya Chama. Sudi, zungusha!"

Sudi alitazama mshale uliolala, akamtazama Emerance, mikono yake ikabaki juu ya panga kama ya mtu anayeomba.

"Zungusha, nimesema!"

Emerance aliiweka lampu kwenye majani. Akauchomoa ufunguo wa nati mfukoni mwa Sudi, akapanda juu ya gurudumu, akaikamata nati ya kibomba. Lukali alinyoosha mkono kumvuta kitambaa cha kichwa. Kitambaa kikatoka, nati nayo ikatoka.

Mvuke ulilia kama garimoshi la zamani. Ulimpiga Emerance kuanzia kiganjani mpaka kiwikoni, kisha yakafuata maji yanayochemka, mekundu kwa kutu, yakaruka juu na kumwagikia kioo, kofia, koti la kola fupi na beji. Watu walikimbia na vitenge vyao, viti vya wakubwa vikaanguka. Na pale hewa ilipokwisha kutoka na maji kuchukua nafasi yake, mshale wa kisahani uliruka kutoka usingizini mpaka mwisho kabisa wa wekundu na kubaki pale ukitetemeka. Lukali alikuwa ameukodolea macho. Aliuona ukipanda, tangu mwanzo wa safari yake mpaka mwisho.

Alishuka akidondoka maji. Emerance alikuwa amesimama, mkono ameuinua kama mwanafunzi mwenye jibu, ngozi imeanza kuvimba. Hakulia. Lukali alitazama mkono ule, akatazama lampu kwenye majani. Akainama akaiokota. Wote wawili waliikumbuka ahadi yake ya kuitupa, na mto ulikuwa mwendo mfupi tu. Aliizungusha mikononi. Halafu akaidondosha miguuni mwa Emerance, ikapata kibonyeo tumboni.

"Toka na kintu yako."

Hakusema asante. Emerance naye hakuomba msamaha. Aliichukua kwa mkono mzima akaenda zake, na wakubwa wakaambiwa kwamba injini ina homa.

Ngozi ya mkono ilibambuka, ikaota nyingine ya waridi. Mwavita ndiye aliyekuwa akiipaka mafuta ya mawese, akisema, "Mi nilikuambia," na Emerance akijibu, "Hata mi nilikuambia."

Asubuhi moja, Emerance akiwa uani na safu ya mabirika mbele yake, kivuli kilisimama kwenye ua. Lukali. Mkononi ameshika kibomba kidogo.

"Iko na risasi ndani," akasema. "Reli walishindwa kuitoa bila kukivunja. Hakuna mwingine mwenye lampu kama ile."

"Sikusikia hodi."

"Hodi."

"Nani?"

"Si unaniona?"

"Naona koti. Nani?"

Lukali aligeuka akatazama njia. Vijana wawili wa Chama walikuwa wameketi mbele ya duka, wanacheza dama. Akasogea karibu.

"Désiré," akasema chini chini.

"Masikio yangu iliungua vilevile."

"Désiré!"

Vijana wakainua vichwa. Kwenye kikaango Mwavita alijiziba mdomo kwa kanga. Emerance peke yake hakucheka.

"Weka chini," akasema. "Iko na wenzake mbele."

"Itakuwa tayari lini?"

"Zamu yako ikifika."

Lukali alitazama safu ya mabirika. Kisha akainama, akakilaza kibomba mwisho wa safu, nyuma ya birika lililovunjika mdomo, akaondoka bila kuaga. Emerance aliivuta lampu yenye kibonyeo karibu na goti, akaanza kusukuma pampu kwa mkono wa waridi.